Panya Safi wa Bondeni

Panya wa kwanza alikuwa mtupu, na Jicho hakushtuka. Hutokea. Katika kila panya kumi wa porini hakosekani mmoja ambaye utumbo wake ni safi kama uliooshwa kwa sabuni, na hakuna ajuaye kwa nini, hata panya mwenyewe hajui. Wa pili naye akawa mtupu. Wa tatu Jicho alimpasua taratibu, akauchana utumbo kuanzia juu hadi mwisho wa mwisho, akausuuza juu ya chujio mara mbili badala ya mara moja, akayamimina yaliyobaki kwenye sahani ya kioo iliyowekwa juu ya karatasi nyeusi, akaivuta taa karibu. Hamna kitu. Alipofika wa sita na hesabu bado ni sifuri, aliweka mkasi mezani akautazama kana kwamba mkasi ndio mwenye makosa.

Sasa, huyu Jicho hakuwa mtu wa kukimbiwa na mnyoo. Miaka kumi na mmoja alikuwa amekalia kiti kile kile, mbele ya dirisha lile lile la maabara, akipasua panya na kuhesabu minyoo waliomo tumboni. Jina la Jicho alipewa na mkuu wa maabara mwenyewe, Daktari, siku alipomwona akiokota kwa kibano mnyoo mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, bila lenzi, huku akiongea mambo mengine. Kuna watu hurithi mashamba. Yeye alipenda kusema kwamba alirithi macho ya mama yake, jinsi yalivyokuwa zamani kabla hayajazimika. Mama yake hakuona tena tangu alipofika miaka hamsini. Jicho alikuwa na arobaini na tisa, na katika hesabu zote alizofanya maishani, hiyo ndiyo pekee aliyoikwepa.

Panya wa maabara ile walitoka sehemu mbili. Wa kilimani waliletwa na mtegaji mmoja mnene asiyependa maneno. Wa bondeni, kule mto unakopita na udongo hauishi unyevu, waliletwa na Baba Mdogo, yaani mdogo wa marehemu baba yake Jicho. Kila Ijumaa Daktari aliandika ubaoni wastani wa minyoo kwa kila panya, na kwa miaka miwili ubao ulikuwa ukisema maneno yale yale: kilimani tisa, bondeni arobaini na moja. Daktari alikuwa na hamu kubwa ya kujua kwa nini. Alishaandika kurasa mia na zaidi juu ya swali hilo, na bado lilimkosesha usingizi, jambo ambalo mkewe alilalamikia kila alipokuja pale.

Ijumaa ile Daktari alishika kalamu, akauliza bondeni wangapi. Jicho akasema sifuri. Daktari akarudia swali. Jicho akarudia jibu.

Ijumaa iliyofuata, sifuri tena. Ya tatu, sifuri.

Hapo kichwa kilianza kumzunguka. Alibadilisha chujio, labda matundu yalikuwa makubwa. Alibadilisha maji. Alibadilisha balbu ya taa, akasafisha kioo cha dirisha kwa gazeti, na siku moja akapasua panya wa bondeni akiwa amesimama, kama vile minyoo humwogopa mtu aliyekaa. Kibaya zaidi ni kwamba kilimani bado aliwaona. Wa kilimani alihesabu wanane, mara saba, mara sita, na kila alipompata mmoja alipumua kwa furaha ambayo mtu mwenye akili timamu hapaswi kuipata kwa sababu ya mnyoo. Lakini furaha hiyo haikudumu, maana wa kilimani wengi wao ni tegu, wanene na weupe, hata mpita njia angewaona. Wa bondeni ndio wembamba, wale wa kulifanya jicho litoe machozi. Je, wembamba wamekwisha duniani, au ni yeye asiyewaona? Kila jibu lilikuwa na mguu mmoja tu, na halikusimama.

Alimwuliza Baba Mdogo kama amehamisha mitego. Hapana, alisema mzee, ni pale pale, kwenye vichaka vya matete, palipo na mti ulioanguka. Alimwuliza kama kuna mtu amemwaga dawa ya shambani karibu na hapo. Hapana. Mzee alisimama mlangoni kama kawaida yake, na shati lake lililopigwa pasi na boksi la panya aliloliosha kabla ya kulileta, maana Baba Mdogo alikuwa ameuza nyanya sokoni miaka thelathini kabla miguu haijachoka na Jicho hajamwombea kazi ya utegaji. Hakuna nyanya aliyoiweka mezani bila kuifuta kwa kitambaa. Tabia hiyo haikumwacha, na panya nao walifika wakiwa kwenye boksi linalong'aa.

"Leo vipi?" aliuliza, akichungulia kwa hamu. "Safi?"

"Safi kabisa, Baba Mdogo," Jicho akajibu kwa sauti iliyokufa.

Mzee akatabasamu hadi masikioni, akaondoka zake akipiga mluzi. Jicho hakuelewa kilichomfurahisha, lakini wakati huo kulikuwa na mengi asiyoyaelewa, na tabasamu la mzee halikuwa la kwanza kwenye foleni.

Mchana wa Ijumaa ya tatu Daktari alimwita ofisini. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililomtia Jicho baridi, kwa sababu Daktari mpole ni Daktari aliyekwisha kuamua. Alimwambia kwamba minyoo hawawezi kuhama bonde zima ndani ya wiki moja kama wapangaji. Ama kuna jambo kubwa limetokea kule, ambalo dunia itataka kulisikia, ama kuna jambo dogo limetokea hapa, kwenye kiti cha dirishani. Matumbo yote yaliyopasuliwa yalikuwa yamehifadhiwa kwenye chupa za spiriti. Jumatatu atayatoa, atayaangalia mwenyewe chini ya hadubini, moja baada ya jingine.

"Nikiwakuta," alisema, "itabidi upumzishe macho. Stoo wanahitaji mtu makini."

Stoo. Kuhesabu chupa tupu na glavu. Jicho alisema sawa, akainuka, akatoka, na alipokuwa akitoka alijigonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango. Hakulijali. Mtu aliyetishiwa kiti chake hujigonga popote.

Nyumbani alimkuta mama yake amekaa mahali pake, akichambua maharage kwa vidole, mawe upande huu na maharage upande ule, bila kukosea hata moja. Jicho hakumwambia kitu. Ya nini kumwambia kipofu kwamba unaogopa upofu? Aliingia chumbani, akafungua kopo la vifaa vya kushonea, akachagua sindano ndogo kuliko zote na uzi mweusi, akakaa mbali na dirisha makusudi. Akatunga. Uzi ukapita mara moja, kama mtu anayeingia kwake. Akauchomoa, akatunga tena. Akatunga mara saba, na mara zote saba uzi ulipita.

Basi macho ni mazima. Kama macho ni mazima, minyoo wako wapi? Alirudi sebuleni akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyotoka, akanyoosha mkono kuchukua chai yake, na kikombe kilichokuwa ukingoni mwa meza, upande wa kushoto, kikaanguka sakafuni vipande vipande.

"Cha tatu mwezi huu," mama yake alisema, bila kuacha maharage. "Umekuwa kama mimi zamani. Baba yako alikuwa akisema ameoa kwa ajili ya kununua vikombe."

Jicho alicheka kidogo, akaokota vipande.

Usiku ule aliamua. Kama Jumatatu ni ya Daktari, basi Jumamosi ni yake. Atakwenda bondeni na Baba Mdogo, aone kwa macho hayo hayo yanayoshukiwa panya wanatoka wapi na wanakula nini.

Mzee alifurahi kupata mwenzi. Walishuka asubuhi, jua likiwa bado halijakasirika, wakifuata njia ya kando ya mto, naye njia nzima akimweleza ufundi wake. Panya wa porini, alisema, si mjinga. Ukimtegea siku ya kwanza atakizunguka kisanduku hadi kuche. Kwa hiyo siku tatu za mwanzo unaweka chambo na kuuacha mlango wa mtego wazi, umefungwa kwa waya usijifunge, aingie, ale, atoke, aende akawasimulie wenzake. Siku ya nne ndipo unaondoa waya. Hapo anaingia kama mwenye nyumba. Jicho aliyajua hayo, kwa kuwa ndivyo Daktari alivyowafundisha wategaji wote, lakini alimwacha mzee afundishe, kwa sababu kumsikiliza kulimpumzisha.

Kwenye mti ulioanguka mzee alichuchumaa, akatoa bakuli, akachanganya unga na karanga zilizosagwa, akatia maji kidogo, akakanda. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa pakiti, akabana vidonge vinne juu ya jiwe na kuvisaga kwa kitako cha chupa, vizuri, mpaka vikawa vumbi la rangi ya chungwa. Vumbi lile akalimwaga kwenye unga na kuendelea kukanda.

Jicho aliijua pakiti ile. Ilikuwa na picha ya mtoto anayecheka.

"Baba Mdogo, hiyo ni nini?"

"Dawa." Alilisema kama mtu aliyeulizwa kama maji ni maji. "Ya minyoo. Ile ya watoto, ya kutafuna. Ile ya wakubwa ni chungu, waliitema."

Jicho alikaa juu ya mti ulioanguka. Mzee alidhani anashangaa uhodari wake, akaendelea kueleza kwa majivuno ya kweli. Siku tatu za chambo ni siku tatu za dozi. Mpaka mlango unafungwa, panya ameshatoa uchafu wote huko huko porini, anaingia kwenye kisanduku akiwa hana hata mmoja.

"Lakini kwa nini?"

Mzee aliacha kukanda. Alimtazama kwa mshangao, kisha kwa aibu kidogo, kama mtu anayelazimishwa kutaja jambo ambalo watu wa heshima hulipita kimya.

"Wewe huuoni ule ubao?" alisema. "Kila Ijumaa nasimama pale mlangoni na boksi langu. Kilimani tisa. Bondeni arobaini na moja. Mwenzangu analeta panya wa tisa, mimi naleta wa arobaini na moja, miaka miwili, mbele ya watu. Siku moja Daktari akasema, nasikia mwenyewe, panya wa mzee huyu ni balaa. Na kazi hii ni wewe uliyeniombea. Nikasema hapana. Mtoto wa kaka yangu hatatazamwa vibaya kwa ajili yangu."

Miaka thelathini ya kufuta nyanya, na hakuna mtu hata mmoja aliyefikiri kumweleza. Wote walimpa mitego, walimpa unga, walimwonyesha jinsi ya kufunga waya. Hakuna aliyemwambia panya ni wa nini, maana wao walijua, na mtu anayejua kitu kila siku husahau kwamba kuna wasiokijua.

"Baba Mdogo," Jicho alisema polepole, "sisi tunawataka minyoo."

"Mnawataka."

"Ndiyo. Ndio tunaowatafuta. Panya mwenyewe tunamtupa."

Mzee aliliangalia bakuli lake. Akaangalia mto. Uso wake ulikuwa ule ule ambao Jicho alikuwa amekwenda nao kazini kwa wiki tatu, uso wa mtu ambaye mbili na mbili zimekataa kuwa nne.

"Mnawataka wa nini?"

Jicho alifungua mdomo kumweleza kazi ya miaka kumi na mmoja. Udongo, unyevu, mayai ya minyoo, kurasa mia za Daktari. Hakuna lililokuja likiwa na maana pale kando ya mto, mbele ya mzee mwenye vidole vya unga.

"Tunawahesabu," alisema.

"Halafu?"

"Halafu tunaandika."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kwa huruma, na haikujulikana anamhurumia nani. Ndipo Jicho aliposhikwa na kicheko. Kilianza kidogo, kikampanda, akacheka hadi akalala kifudifudi juu ya mti, machozi yakimtoka, kwa sababu ni sasa tu jambo lenyewe lilikuwa limemfikia. Sifuri zilikuwa sifuri za kweli. Hakukosa mnyoo hata mmoja, kwa kuwa hapakuwa na mnyoo wa kukosa. Macho ni mazima! Alikuwa na furaha kuliko siku yoyote aliyoikumbuka, na mzee, ambaye hakuelewa lolote, alicheka naye kwa adabu.

Kicheko kilipokwisha, mzee aliuliza swali moja tu, akiwa anafuta bakuli.

"Utamwambia?"

Jumapili nzima Jicho alilizunguka swali hilo kama panya anavyozunguka mtego mpya. Akisema, mzee atafukuzwa, na ni yeye aliyemwingiza. Asiposema, Daktari atawaandikia wenzake huko mbali kwamba minyoo wa bondeni wametoweka, nao wataamini, watakuja na vyombo vyao kupima maji ya mto. Damu ni nzito kuliko maji, sawa, lakini hakuna methali inayosema lolote juu ya spiriti. Mpaka jioni alikuwa ameamua mara nne, mara mbili hivi na mara mbili vile.

Jumatatu Daktari alikaa kwenye hadubini kuanzia asubuhi hadi saa saba. Aliinuka mgongo ukimuuma, akasema hakuna hata mmoja, akamwomba Jicho radhi mbele ya wafanyakazi wote. Halafu akaanza kutembea huku na huko, macho yakimwaka, akitaja barua atakayoandika. Alikuwa na uso wa mtoto aliyepewa zawadi. Jicho hakuweza kuutazama uso ule zaidi ya dakika mbili, akamwambia yote.

Daktari alikaa. Kwanza alikasirika kimyakimya, midomo ikawa myembamba. Akauliza vidonge vingapi. Akauliza kwa siku ngapi. Akauliza ile ya wakubwa kweli waliitema? Aliposikia habari ya ubao aligeuka kuutazama, tisa na arobaini na moja, na Jicho aliona ameusoma kwa mara ya kwanza kama mtu aliyesimama mlangoni anavyousoma. Ndipo akacheka.

Mzee alibaki. Aliitwa, akaketishwa, akaelezwa saa nzima kazi ya maabara, na akapewa sharti moja, kwamba asiwatibu wagonjwa ambao hawajamwita. Mitego ikahamishwa mbele zaidi kando ya mto, kwa panya ambao hawajaonja kidonge. Ubao ukasogezwa ndani, usionekane kutoka mlangoni. Na Daktari, kwa kuwa alikuwa ameumwa na nyoka na sasa jani lilimtisha, aliweka utaratibu mpya: kila sahani itahesabiwa mara mbili, kwanza na Jicho, kisha na yeye, kila mmoja na daftari lake. Jicho alisema karibu sana. Aliyevuliwa tuhuma haogopi mizani.

Panya wapya walikuja Ijumaa. Baba Mdogo aliwaleta ameinamisha kichwa, kwenye boksi lililooshwa, akanong'ona kwamba hawa hajawagusa, walivyo ndivyo walivyo, akaomba asubiri nje. Jicho alimpasua wa kwanza. Akasuuza, akamimina, akavuta taa, na wale pale, rafiki zake, wembamba, wamejikunja juu ya weusi wa karatasi kama nyuzi zilizoanguka kutoka kwenye cherehani. Alikaribia kuwasalimia. Aliwatoa mmoja mmoja kwa kibano, akiwahesabu kwa sauti ya chini, akaandika kumi na saba. Akampasua wa pili, naye akamhesabu, ndipo akaisukuma sahani ya kwanza kwa Daktari ahakikishe kwamba haina kitu.

Daktari aliinama. Akachukua kibano, akaanza kuokota naye, na Jicho alidhani anatania. Kibano kilishuka na kupanda, kikashuka na kupanda.

"Kumi na mbili," Daktari alisema.

"Kumi na mbili nini?"

Daktari aliirudisha sahani ya panya wa pili, ambayo Jicho alikuwa amekwisha kuihesabu na kuisogeza kando, akaiweka mbele ya Jicho bila kuigusa zaidi. Jicho akatazama. Tupu. Maji tu na karatasi nyeusi. Akamtazama Daktari, akatazama tena sahani, na kichwa kikaanza kuzunguka kama wiki zile tatu, maana amerudi pale pale, na safari hii hakuna mzee mwenye vidonge.

"Geuza kichwa," Daktari alisema. "Kushoto."

Akageuza. Wakatokea. Walikuwa tisa, wamelala kwenye ukingo wa kushoto wa sahani, wembamba na weupe, wametulia, kama watu waliokuwa chumbani muda wote wakisubiri mtu awashe taa. Akarudisha kichwa, wakafutika. Akageuza, wakarudi.

"Kilimani nako walikuwa wakishuka," Daktari alisema kwa sauti ndogo. "Wanane, saba, sita. Kilimani hakuna aliyewapa dawa. Mimi pia sikuliona hilo."

Jicho alikumbuka uzi ukipita kwenye sindano, mara saba. Uzi ulikuwa mbele yake, katikati kabisa. Hakuna aliyemwambia ajaribu pembeni. Alikumbuka vikombe vitatu, na bega kwenye mlango. Akamkumbuka mama yake kabla hajazimika, alivyogongwa na baiskeli iliyotoka upande, mchana kweupe, na jinsi walivyomcheka wote, kwamba mwanamke mwenye macho ya mwewe ameshindwa kuiona baiskeli. Hofu ilimshika, hofu ya wazi, nayo ilikuwa afadhali kidogo kuliko kutoelewa, lakini kidogo tu.

Daktari alisema mengi, kwa upole ule ule wa mtu aliyekwisha kuamua. Kuna kliniki ya macho, kesho asubuhi, atampigia simu daktari wake mwenyewe. Alisema kilichokwisha kwenda hakirudi, lakini kilichobaki huweza kulindwa, ukikiwahi. Hakuitaja stoo. Hakukuwa na haja.

Jicho aliosha kibano, akakikausha, akakiweka kwenye sanduku lake. Akazima taa. Nje alimkuta Baba Mdogo amesimama ukutani, kofia mkononi.

"Wangapi?" mzee aliuliza bila kuinua macho.

"Wa kwanza, ishirini na tisa."

Mzee alihesabu moyoni, na uso ukamfunguka polepole. "Wamepungua," alisema. "Walikuwa arobaini na moja. Na sijawapa kitu, haki ya Mungu." Kisha akakumbuka somo la saa nzima, akachanganyikiwa. "Au ni vibaya? Mwanangu, sasa nifurahi au nisifurahi?"

"Twende nyumbani, Baba Mdogo," alisema. "Tembea upande wangu wa kushoto."

"Kwa nini kushoto?"

"Huko sioni."

Mzee akavaa kofia, akazunguka nyuma yake, akaja akamshika mkono kutoka mahali ambapo Jicho hakumwona akifika.